Bingwa Anayekula Pensheni

Kabla wageni hawajafika, Ademar Techera alikuwa bandani akimpaka farasi dawa ya nywele ya mkewe.

Ilikuwa dawa ile ile ambayo Zulma huitumia kuzigeuza nywele zake rangi ya dhahabu. Ademar aliikoroga kwenye bakuli, akachovya mswaki, akasogea kwa tahadhari, maana farasi asiyezoea kupakwa usoni anaweza kukuvunja mbavu. Huyu wala. Alipouona mswaki aliinamisha kichwa mwenyewe, akatulia tuli mpaka nyota nyeupe ikakamilika katikati ya paji la uso.

"Angalau wewe una adabu," Ademar alimwambia.

Aguacero wa kweli, bingwa wa mbio kubwa za Januari miaka kumi na mmoja iliyopita, alikuwa chini ya udongo, nyuma ya lundo la samadi. Tumbo lilimsokota mwezi Mei, akafa kabla ya saa sita mchana. Ademar, aliyemwogesha na kumlisha kwa miaka tisa, alimzika kwa mikono yake huku analia kama mtoto. Mwenyekiti wa uwanja wa mbio wa Los Talas, Don Evaristo Gadea, alisimama pembeni akamwambia neno moja tu: "Kimya."

Wakati huo magazeti ya Montevideo yalikuwa yameshaanza kuuliza: farasi wakishachoka kushinda, huwa wanapelekwa wapi? Dukani, muuza mkate alimuuliza Zulma kama nyama anayopika nyumbani ni ya farasi. Mwishowe bunge likaamua kutuma wabunge watatu waje Los Talas kujionea. Wasiporidhika, ruzuku inakatwa na uwanja unafungwa. Don Evaristo, mdomo wake ulivyo mwepesi, akawaahidi kuwaonyesha Aguacero, mzima, amenenepa, anakula pensheni yake.

"Nitafutie Aguacero," alimwambia Ademar. "Usiponipatia, nitasema wewe ndiye uliyemuua. Nani atamwamini mfagia mavi?"

Ademar angekwenda wapi? Nyumba anayolala ni ya uwanja, na kazi nyingine haijui. Akazunguka vitongojini akichungulia farasi wa mikokoteni, mpaka akamkuta huyu kwa mama mmoja mwokota takataka aitwaye Nibia: hudhurungi, kimo kile kile, alama nyeupe kama soksi mguu wa nyuma wa kushoto. Kilichokosekana ni nyota tu. Nibia alisema alimtoa kwenye lori la machinjio zamani sana, kwa kubadilishana na godoro na jiko. Ademar alimwachia pikipiki yake, akaondoka na farasi. Wiki sita alimlisha shayiri mpaka mbavu zikajificha.

Saa nne wabunge wakaingia, wapiga picha nyuma yao. Don Evaristo alikuwa na tabasamu la harusi.

"Tumekuja na shahidi wetu," alisema mbunge mmoja, mama mrefu mwenye miwani.

Akashuka garini mzee mfupi, mwembamba. Ademar alimtambua mara moja. Alikuwa Lemes, yule joki waliyemwita Kiroboto. Ndiye aliyempanda Aguacero siku ya ushindi, na baada ya siku ile hakupanda tena farasi. Alihamia Salto kulima machungwa, na waandishi wa habari wakimfuata anawafungia mlango. Watu walisema ni majivuno.

Tabasamu la Don Evaristo likafa. "Mheshimiwa, mzee kachoka na safari. Tuanze na nyama choma."

"Nyama itatusubiri," alisema yule mama.

Kiroboto akaingia bandani, kofia mkononi. Ademar alikuwa kwenye kona, mgongo ukutani, mlangoni wamejaa watu. Hakuwa na pa kupenya.

Joki hata hakuitazama nyota. Alipeleka vidole nyuma ya sikio la kushoto, akapapasa chini ya manyoya. Palikuwa na kovu pale. Ademar alikuwa ameligundua tangu wiki ya kwanza, naye Aguacero hakuwa na kovu popote mwilini. Basi, kwisha habari yetu, alijisemea. Akaanza kuwaza Zulma atavihamishia wapi vyombo.

Kiroboto akaanza kulia. Alilia bila kujificha, mkono ukiwa bado nyuma ya sikio.

"Ndiye," aliwaambia wabunge. "Hata nikipofuka nitamjua. Ndiye aliyenishindia mbio zile."

Kamera zikalia. Yule mama akavua miwani na kufuta macho. Don Evaristo, pumzi zimemrudia, akatangaza papo hapo kwamba kuanzia sasa kila Jumapili wananchi watamwona bingwa bure, na Ademar ndiye atakayekuwa mlezi wake maisha yote. Wakampigia makofi. Ademar akajiona akipaka nyota ile wiki baada ya wiki mpaka yeye au farasi afe.

Wengine walipokwenda kula, Kiroboto alibaki, shavu kalilaza kwenye shingo ya farasi.

"Mzee wangu, Mungu akubariki," Ademar alinong'ona. "Umedanganya kwa ajili yetu. Sisi sote hapa tusingekuwa na pa kulala."

"Sijadanganya, kijana," Kiroboto alisema, wala hakugeuka. "Huyu ndiye niliyempanda, kapakwa nyota kama hii. Yule wako siku ile walimfungia humu bandani, mguu umevimba, hata uwanjani hakufika."