Rehani ya Bi Shufaa

Siku hizi ukikopa, rehani ni sauti ya mtu wa nyumbani mwako, nayo hufungwa mpaka umalize kulipa. Mwanakheri alikuwa na madeni mawili. Ada ya shule ilifunga sauti ya binti yake, Rukia. Mabati ya paa yalifunga sauti ya mama yake, Bi Shufaa, na huyo hakuulizwa hata kidogo.

Mwanakheri akauza cherehani. Pesa zikatosha deni moja tu.

"Mama, nianze na lipi?" aliuliza kando ya kitanda.

Bi Shufaa, mgonjwa hoi, akamnyooshea kidole mjukuu wake.

Akalipa la mtoto. Wakopeshaji wakamwambia sauti itafunguliwa jioni. Alasiri hiyo midomo ya Bi Shufaa ikaanza kucheza. Mwanakheri akapiga magoti, akamshika mikono.

"Nilikuweka rehani bila ruhusa yako, mama. Umeniwia radhi?"

Midomo ikacheza tena, na tena. Machozi yakamtoka Mwanakheri. Rukia, ambaye mwaka mzima alizungumza na bibi yake kwa kusomana midomo, akamvuta mama yake kanga kwa nguvu.

"Hebu tulia! Huoni bibi yako ananipa radhi?"

Midomo ikatulia. Mwanakheri akamfumba mama yake macho, moyo umemtua kwa mara ya kwanza tangu akope.

Jioni, majirani wakiwa wamejaa uani, sauti ya Rukia ikafunguka.

"Mama," alisema, "bibi alikuwa anaomba maji."