Karanga za Mgeni

"Mama, kwenye mchicha huu kuna karanga?" mgeni aliuliza huku sauti ikimkwama kooni.

Midomo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Asubuhi alikuwa amesema, kwa Kiswahili chake cha kujifunza, kwamba yeye hali karanga, zinamdhuru. Mama Nyamizi alicheka tu akamwambia, "Haya, mwanangu." Wageni wote wenye adabu husema hivyo, usijisumbue, maji yanatosha, na mwenyeji hujifanya hakusikia. Angempaje mchicha mtupu mtu aliyetoka nchi ya mbali? Alizitwanga karanga zikawa laini kabisa, zisionekane, akazikoroga chunguni. Na mgeni alikula akaomba aongezwe.

"Niambie, mama. Nijue kama nijichome sindano yangu ya dawa."

Mama Nyamizi alitamani kusema ni pilipili.

"Zimo," alisema. "Nimeziweka mwenyewe. Nilidhani unaona haya."

Mgeni alitoa sindano mkobani akajichoma pajani, juu ya kitenge alichoazimwa. Nje, jirani aliyekimbilia gari la kumpeleka hospitali alipaza sauti, "Gari linakuja! Mvisheni viatu!"

Mgeni aliegemea ukuta akihema, akanyoosha mkono akitafuta mkono wa kushika. Mama Nyamizi alinyoosha wake upesi, kisha akasita. Harufu ya karanga ilikuwa bado vidoleni. Akaukunja mkono, akauficha nyuma ya mgongo.

Mkono wa mgeni ulibaki hewani, wazi, ukimngoja.