Mbingu ya Jumba la Opera

Treni ilikwama kwenye theluji na mji mzima haukuwa na ubao hata mmoja, kwa hiyo tuliingia kwenye jumba la opera tukabomoa ukuta wa mbao wa nyuma ya jukwaa. Mgodi wa fedha ulikuwa umeporomoka, na maiti walikuwa wakisubiri majeneza.

Ukuta ule niliupaka rangi mimi mwenyewe jumba lilipofunguliwa: anga la buluu, mawingu mawili matatu, na jua moja. Wachimbaji walikuwa wakilipigia makofi hata kabla mwimbaji hajatokea.

Mama Tregaskis alinikuta napigilia kifuniko cha jeneza la mwanawe. Akapitisha kidole juu ya wingu.

“Mbona rangi umeiweka nje?”

“Ili lipendeze, mama. Watu watalitazama.”

“Watu wana anga lao huko nje, tena la bure.” Hakupandisha sauti. “Huyu wangu kipupwe chote alikuwa anashuka shimoni hakujakucha, anapanda jua limeshatua. Geuza, fundi. Aangalie yeye.”

Nikang'oa misumari. Ilikuwa ikilia, mmoja mmoja, naye akawa anaipokea kiganjani isipotee.

Tulipomaliza kugeuza, nikaliendea jeneza lililokuwa peke yake karibu na piano. Ubao wenye jua nilikuwa nimempa mwanangu aliyelala humo, na upande wa jua ulikuwa nje.

Mama Tregaskis akanifuata, akakinga kiganja.