Wimbo Uliobaki Mikononi

Siku ya arobaini, hitima ilipokwisha, maafisa walikuja na kofia yao ya kufutia kumbukumbu, kumfuta Mwanahawa wimbo wa mama yake. Ndiyo sheria: marehemu haachi wimbo, maana wimbo humwita. Na ukifutwa wimbo, huondoka na jina la marehemu, na sura yake pia.

"Haiumi, dada," alisema afisa, akimfunga mkanda kidevuni. Kweli, haikuuma. Bintiye Subira naye akafutwa.

Mikono hawakuigusa. Kwa siku zote zile Mwanahawa alikuwa akijifungia jikoni, anatandika shuka jeupe, anafukiza ubani, anatikisa kayamba kwa mapigo ya wimbo wa mama yake.

Maafisa walipoondoka, mikono yake yenyewe ikawasha chetezo, ikaokota kayamba. Moshi ukaenda moja kwa moja kwenye kigoda kitupu cha pembeni, ukatulia pale.

"Mama, unamwita nani?" Subira aliuliza kutoka mlangoni.

"Sijui, mwanangu. Lakini amekuja." Mikono ilikuwa bado inatikisa. "Ni bibi kizee, simjui. Analia. Anauliza amenikosea nini hata nisimwamkie."