Nyumba Inayopiga Shoti

Mlango wa chuma ulimpiga shoti Esteria akiwa na mjukuu mgongoni. Ulimpiga mkono wa kulia, kuanzia vidoleni mpaka kwenye kiwiko, funguo zikamponyoka. Alisimama pale barazani jasho linamtoka, jirani anamuuliza kulikoni, naye hajibu. Baadaye alisema hofu ndiyo iliyomkaba koo.

Haikuwa mara ya kwanza. Friji lilishampiga, bomba la uani lilishampiga. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga sakafu ya nyumba ile ya mtaa wa Kawajense bila kandambili. Mjukuu wake Emelyne, mtoto wa miaka mitatu, alifungwa za kwake miguuni kwa vipande vya kanga, zisimtoke hata usingizini. Bibi alilala nusu nusu, anasikiliza mtoto kama anapumua. Alikuwa anaogopa, jamani, na hakuona aibu kusema. Yeye ameshakula chumvi nyingi, lakini huyu?

Mwenye kosa alijulikana. Waya za nyumba ile zilifungwa na Yotham, mkwe wake, baba wa Emelyne, fundi magari kutoka Katumba. Alijitolea bure, amfurahishe mama mkwe. Magari anayajua. Umeme wa nyumba, tuseme ukweli, alikuwa anajifunzia pale pale. Kipimo chake kilikuwa mkono wake: aliligusa friji kwa nyuma ya kiganja, akasema hasikii kitu. Esteria akamtuma binti yake, Ernestine, akamwambie mumewe kwamba mikono ya gereji ina ngozi ya ng'ombe.

Alimtuma binti kwa sababu kwa watu wa kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wala hawapeani mkono. Yotham akileta sukari, anaiweka kwenye kigoda na kurudi nyuma, ndipo mama anaichukua. Kijana wa watu aliishika adabu hiyo kuliko hata wenyewe.

Lakini siku ya mlango, Esteria alishindwa kungoja mjumbe. Alimsemesha mwenyewe, kutoka nyuma ya pazia.

"Baba, nunua kipimo cha kweli. Mwanao atakufa humu ndani."

Yotham alitoka hapo hapo. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la Manyanda, karibu na soko, akaulizia multimita, kile kipimo cha umeme, ambayo mfuko wake unaiweza, itakayomfaa na kwenye magari. Manyanda akamwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa rahisi kabisa, waya zake nyembamba. Muuza duka huyo hakumficha: betri ya gari itapima vizuri, ila kwenye umeme wa ukutani asingependa ndugu yake aishike. Ya pili ilizidi bei kidogo, ina fyuzi ndani, waya nene, na inalia ukigusa waya mzima. Kulikuwa na ya tatu kule juu, yenye mbwembwe zote, hiyo hata hakuiuliza.

Mkono wa Yotham ulikwenda kwenye ile rahisi, kwa mazoea tu. Halafu akazikumbuka zile kandambili zilizofungwa kwa kanga, akairudisha. Rahisi ghali. Ile ya pili Manyanda aliijaribu mbele yake: kwenye soketi ikasoma volti mia mbili thelathini, kwenye betri ya pikipiki ikasoma kumi na mbili na ushee. Ilikuwa nzima.

Nyumbani alianza na friji. Esteria alisimama uani, amemkumbatia mtoto, roho mkononi. Yotham akagusisha ncha moja kwenye mwili wa friji, nyingine kwenye bomba. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama kwenye volti tisini.

Akalivuta friji kutoka ukutani. Nyuma ya friji panya alikuwa ametafuna waya, na waya wa kwenda ardhini, ule ambao kila fundi huuchimbia, yeye aliuacha unaning'inia ukutani tangu siku ya kwanza. Aliona haya mpaka machozi. Akabadilisha waya, akashindilia nondo ardhini kwa nyundo, akamwagia chumvi na mkaa. Akapima upya, friji, mlango, bomba, waya wa kuanikia nguo, kote sifuri.

Akaiweka multimita kwenye kigoda, ikiwa bado inaonyesha kipimo cha mwisho, akarudi nyuma na kuinamisha macho, mama ajionee mwenyewe. Esteria aliichukua kwa mkono wa kushoto. Ni utovu wa adabu kwa watu wa kwao, lakini Yotham alikuwa anatazama chini.

"Sifuri," Esteria akasoma, na kulia kwa furaha. Jioni ile alizifungua kandambili za Emelyne. Mtoto alikimbia peku sebuleni mpaka akachoka.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Asubuhi Esteria aliusukuma mlango kwa kiwiko, asije akapigwa tena. Mlango ulitulia, akajicheka. Akambeba Emelyne wakaenda Kasokola kwenye palizi, akiwa mwepesi wa moyo kuliko siku zote za mwezi ule.

Shamba lake liko mbali na barabara. Ni mahindi, na ng'ambo ya mahindi korongo lililojaa maji ya mvua. Alimweka mtoto kivulini, akaimba, akalima mistari yake. Emelyne akaona kipepeo, akamfuata taratibu kuelekea korongoni. Bibi akamwona, akanyoosha mgongo.

Shoti ikampiga. Ilianzia vidoleni, mkono ule ule wa kulia, ikapita kwenye kiwiko, ikapanda begani mpaka shavuni, na jembe la mpini wa mti likamponyoka, pale katikati ya mahindi, mahali ambapo nguzo ya umeme haijawahi kufika. Akafungua mdomo amwite Emelyne, mdomo ukaenda upande, na jina halikutoka.