Mbao Fupi

Nyamizi alikisogeza puani kigitaa cha nyuzi nne, akakinusa kama anayenunua samaki. Binti yake, Pendo, alikuja nacho kutoka shule ya msingi, ambako masomo ya kupiga vigitaa hivyo, ukulele, yalianza juzi, na bei yake haikufika hata ya kandambili.

“Kitu kizuri hivi, rahisi hivi? Hapana.” Alimshika mtoto mkono, wakaenda kwa Fundi Luhende, seremala aliyevitengenezea shule vigitaa hivyo.

“Fundi, hizi mbao umeziiba wapi?”

“Sijaiba, Mama Pendo. Ni zangu.”

“Mninga mtupu, kwa bei hii? Kuna kitu unanificha.”

Luhende aliacha kupiga randa. Nyuma yake mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zote fupi, za kimo kimoja.

“Nilizikata mwaka ule wa surua,” alisema bila kumtazama. “Za majeneza ya watoto. Nilikata nyingi mno. Surua ikaisha, hakuna tena aliyekuja.”

Nyamizi alimgeukia binti yake. Pendo alikuwa ameegemea ukuta kando ya zile mbao, zikilingana naye kimo. Akapiga uzi mmoja wa kigitaa chake, akacheka.