Jina la Majaribio

Tangazo la kifo likitumwa kwa barua pepe katika redio ya mji, seva, kompyuta inayopokea barua, ilipaswa kuamsha programu, nayo programu ichape karatasi mezani kwa mtangazaji. Asubuhi nzima Badi, fundi wa mitambo ya redio, alituma barua za majaribio, na printa haikutikisika. Zote aliziandika jina la kwanza lililomjia: Mzee Tindwa, baba mkwe wake. Mwishowe aligundua kwamba seva haikuwa na ruhusa ya kuiendesha programu. Akaipa ruhusa, akaenda kula.

Huku nyuma barua zilizokwama zikachapwa zote, na mtangazaji akaanza kuzisoma. Tangazo la kifo cha Mzee Tindwa lilimkuta mgahawani. Alitoka mbio bila kukumbuka karatasi zilizobaki kwa mtangazaji.

Kwa mkwewe, majirani walikuwa wamesimama na kuni na vikapu vya mchele, hawajui wavitue wapi. Mzee Tindwa alikaa mkekani, redio ndogo pajani. Badi alipiga magoti, akaeleza habari za seva na ruhusa.

"Nimeelewa, mashine ilikwama," Mzee alisema taratibu. "Lakini jina aliandika nani?"

"Mimi, baba."

"Mji wote huu, mwanangu, likakujia langu?"

Badi aliinamia mkeka. Mkewe alikuwa mlangoni, macho yamevimba, naye akisubiri jibu.

Redioni muziki ulikatika. Mtangazaji akaanza tena kusoma jina lile. Jirani mmoja alinyoosha mkono aizime. Mzee Tindwa akamzuia, akaongeza sauti.